Sauti ya Mpishi Mchina

Balozi wa nyumba kumi alipokuja na wanajeshi wawili kumwambia Mwanne kwamba mumewe amekufa vitani Uganda, alimkuta anaanika mashuka. Mwanne aliwasikiliza mpaka mwisho, akawatolea viti, kisha akarudi kwenye kamba kumalizia shuka moja lililobaki kwenye beseni, kwa sababu lilikuwa limeshakamuliwa. Majirani zake wa Ng'ambo, pale Tabora mjini, walilizungumza shuka lile kwa muda mrefu. Wako waliosema ana moyo wa kijasiri, wako waliosema hakumpenda. 

Mumewe aliitwa Masele. Alikuwa Msukuma wa Ziba, mtoto wa wafugaji, aliyeingia Tabora akiwa utingo wa lori la pamba. Ili amwoe Mwanne, binti wa fundi cherehani, alisilimu, na wazee wakampa jina la Shaban. Lakini nyumbani alibaki Masele. Mwili wake haukurudi. Mwanne alikaa eda bila kaburi, akatoka eda bila machozi, na akagundua kwamba mambo yote yanaweza kuendelea vile vile. Alipika, akala. Akiitwa aliitika. Mdogo wake, Amne, alimwambia siku moja:

"Dada, wewe uko kama nyumba iliyowashwa taa, wenyewe wamesafiri."

"Basi angalau mwizi haingii," Mwanne akasema.

Amne akacheka mpaka akakaa chini. Mwanne hakuona kilichomchekesha.

Mwaka wa tatu baada ya vita, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, Mwanne alipata kazi kwa mwalimu mmoja wa hesabu aliyeitwa Shanmugam. Mwalimu huyu alikuwa Mtamili, kutoka kusini kabisa mwa India, na alikuwa amechoka kuwaeleza watu kwamba hana duka, na kwamba Kihindi hakijui wala Kigujarati hakijui. Watu walimsikiliza kwa adabu, halafu wakamuuliza kama ana vitenge. Mkewe alikuwa amerudi India na watoto kwa ajili ya shule. Yeye alibaki kumalizia mkataba, pamoja na mama yake mzazi.

Kazi ya Mwanne ilikuwa kufua, kufagia, na kukaa na huyo mama. "Mwite Paati," Mwalimu alimwambia siku ya kwanza. "Kwetu maana yake ni bibi." Paati alikuwa mwembamba, mwenye pete puani na miguu mitupu, na ndani ya Tabora nzima hakuwa na mtu wa kuongea naye ila mwanawe, ambaye alirudi jioni akiwa amechoka. Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: maji, bado, twende. Kwa hiyo aliongea Kitamili na Mwanne, na Mwanne akamjibu Kiswahili, na kila mmoja alisema alichotaka. Mwanne aliipenda kazi ile kwa kadiri alivyoweza kupenda kitu wakati ule. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza anajisikiaje.

Kila alasiri Paati alisema "twende," wakatoka kutembea. Jumamosi moja walipita mbele ya Sinema ya Nuru, jirani na soko. Abbasi, msimamizi wa sinema, alikuwa na tabia ya kutundika spika barazani ili sauti ya picha ivute watu waliosimama nje. Siku hiyo alikuwa amengojea picha ya Kihindi kutoka Dar es Salaam. Treni ilileta makopo, akayafungua, akakuta ni picha ya Wachina, ya kupigana na kuchekesha, na maneno yake hakuyajua. Akamwita mfanyabiashara mmoja wa Kigujarati asikilize. Mfanyabiashara alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema hii lugha si ya watu anaowafahamu yeye. Kurudisha makopo kungechukua majuma, na watu walikuwa wameshapanga mstari. Abbasi akaionyesha hivyo hivyo.

Paati alisimama ghafla katikati ya barabara. Mwanne akadhani amekanyaga mwiba. Kisha vidole vya bibi yule vikamshika mkono juu ya kiwiko, vikabana kwa nguvu ambayo Mwanne hakujua kuwa bibi anayo. Spika ya barazani ilikuwa inafoka. Sauti ya mwanamume mzee, ya pua, ilikuwa inamgombeza mtu mmoja kwa kasi, bila kupumua, kama mtu anayemfukuza mbuzi shambani. Paati alifungua mdomo. Akamjibu. Alisimama pale juani, kati ya baiskeli na mikokoteni, akaijibu spika kwa Kitamili, akainua kidole, halafu akaanza kucheka.

"Twende," akasema, akimvuta Mwanne mlangoni. "Twende, twende."

Abbasi aliwaingiza bila tiketi, kwa sababu hakujua la kufanya.

Picha yenyewe ilikuwa rahisi. Mzee mmoja mpishi, mwenye kitambi na ndevu chache, ana mgahawa pembezoni mwa mji. Kijana anakuja kwake kujifunza kupigana, mzee anamfundisha kuosha masufuria. Adui ana nyusi nene na watu wake kumi, anataka kuuchukua mgahawa. Wanapigana kwa upawa, kwa mabenchi, kwa unga uliokandwa. Watu wa Tabora hawakuhitaji lugha kwa hayo. Walipiga miluzi kila stelingi alipopaa juu ya meza. Lakini baada ya muda waliona jambo. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kihindi, safu ya kati, aliyekuwa anacheka kabla yao. Anacheka wakati hakuna mtu anayepigwa. Anacheka mzee mpishi akiwa amekaa tu na bakuli lake, anaongea.

"Bibi anaelewa!" kijana mmoja akapiga kelele. "Jamani, kumbe kuna maneno!"

Kuanzia hapo nusu ya watu waliigeuzia kisogo picha, wakamtazama Paati.

Mwanne alikuwa pembeni yake. Aliona mgongo wa bibi ukitikisika, akaona meno yake machache, akasikia ukumbi mzima ukicheka kwa sababu yeye anacheka. Mwanne mwenyewe alikuwa anafikiri kwamba mashuka ya Mwalimu yameshakauka, na upepo umeanza.

Jioni ile Paati hakumwacha mwanawe ale. Alisimama jikoni na mwiko, akacheza picha nzima, akawa mpishi, akawa kijana, akawa adui, na Mwalimu akalazimika kumfasiria Mwanne, huku anaona aibu na huku anatabasamu.

"Kule kwetu, kwa watu wa kawaida, picha hizi zinapendwa sana," alisema. "Zinafika Madras, kuna watu wanaingia kwenye chumba, wanawatia Wachina maneno ya Kitamili. Hawafasiri, Dada Mwanne. Wanabuni! Mchina anafungua mdomo kutoa salamu tu, wao wanampa matusi ya muuza bilinganya wa Madurai. Mdomo umeshafungwa, maneno bado yanatoka. Watu wanaanguka kwenye viti."

"Na Wachina wenyewe?"

"Wachina wenyewe hawajui wamesema nini."

Paati aliuliza wanasema nini. Mwalimu akamweleza, naye akatoa maneno mengi, akimnyoshea Mwanne mwiko.

"Anasema, stelingi wa picha zetu sisi ni mtu mkubwa. Anavaa vizuri, anaongea kama kitabu, akilia analia kwa wimbo. Mama anamheshimu, lakini hamjui mtu wa namna hiyo. Huyu Mchina anaanguka, anapigwa na upawa, anamwogopa mke wa jirani, na anaongea kama watu wa mtaani kwetu. Anasema leo ni mara ya kwanza tangu afike Tabora kutembelewa na mtu wa kwao." Mwalimu akatazama sahani yake. "Mtu mwenyewe Mchina," akaongeza.

Picha ilibaki Tabora, maana huko Dar es Salaam hakuna aliyeiulizia. Kila Jumamosi alasiri Paati alikwenda, na Mwanne alikwenda naye. Abbasi akaona kwamba watu wanataka kujua kinachosemwa, akaenda kumwomba Mwalimu aje na kusimama chini ya pazia na kipaza sauti, afasiri. Mwalimu alikuja siku moja. Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni, kimenyooka kama rula. Mpishi alipomkaripia kijana, Mwalimu akatangaza: "Ewe mwanafunzi mzembe! Je, hukuviosha vyombo vile?"

"Mwalimu, tunaomba ruhusa ya kwenda chooni!" sauti ikatoka nyuma gizani, na ilikuwa ya mwanafunzi wake. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu aliweka kipaza sauti sakafuni, akatoka.

"Mimi ni mtu wa hesabu," alimwambia Abbasi barazani. "Mwombe Dada Mwanne. Mama amemsimulia picha hii kila jioni, nami nimeifasiri mpaka nimechoka. Anaijua yote."

Abbasi akamgeukia Mwanne. Kukataa kulihitaji nguvu, na kukubali hakukuhitaji kitu. Mwanne akakubali.

Jumamosi iliyofuata aliketi kwenye kigoda chini ya pazia, ushungi wake kichwani, Paati mkekani pembeni yake. Walikuwa wamepatana: mpishi akianza kusema, Paati anamgusa goti mara moja, kijana, mara mbili, adui, anamfinya. Taa zikazimwa. Kijana wa Kichina akapiga magoti mbele ya mpishi, akasema maneno mengi kwa uchungu. Mwanne akasogeza kipaza sauti.

"Nifundishe kupigana," akasema.

Goti likaguswa.

"Kupigana baadaye. Sufuria lile limekutazama tangu asubuhi."

Hakuigiza. Hakupandisha sauti wala kuiremba. Aliyasema kama mtu anayesoma majina hospitalini, polepole, na mwisho wa sentensi aliutua chini. Ukumbi ukapasuka.

Adui akaja na watu wake kumi, akavunja mlango, akanguruma. "Nimekuja kuuchukua mgahawa huu," Mwanne akasema. Goti. "Chukua. Lakini panya ni wangu." Mpishi akarushwa kutoka darini akapitia kwenye mapipa. Goti. "Nimeshuka."

Watu walilia kwa kucheka. Mwanamume mmoja mtu mzima alitoka nje akiwa ameshika mbavu, akarudi, akatoka tena. Mwanne alisikia kicheko chao kama mtu anavyosikia mvua juu ya bati la nyumba ya jirani. Picha ilipokwisha walimpigia makofi, na yeye akamsaidia Paati kuinuka, akauliza kama kuna maji ya kunywa.

Habari ilitembea. Vijana sokoni walianza kujibizana kwa sauti ile ya kutua chini. Ukimuuliza muuza nyanya kama ana chenji, alikuambia, "Chenji baadaye," kisha akakutazama. Watu walikuja na lori kutoka Nzega, wakaja kutoka Lusu. Abbasi alimpa Mwanne sukari na sabuni ya mche, na Amne aliyepokea vitu hivyo alimtazama dada yake kwa mashaka, maana walikuwa wanamsifu sokoni kwa ucheshi, na nyumbani bado alikuwa anakaa na kikombe cha chai mpaka kipoe.

"Unajisikiaje ukiwa pale mbele?" Amne alimuuliza.

"Kigoda ni kifupi," Mwanne akasema.

Kisha Mahona akaja mjini kutafuta dawa ya ng'ombe. Mahona alikuwa mdogo wake Masele. Alisikia watu wanamsifu mwanamke wa sinema, akanunua tiketi, akaingia, akamwona shemeji yake. Hakumsubiri amsalimie. Alirudi Ziba, na baada ya siku chache mama yao, Minza, alishuka kwenye basi na fimbo yake na kitenge kipya, Mahona akiwa nyuma amebeba kuku.

Mwanne alipiga magoti mlangoni. "Mwangaluka, mayu," akasema, kwa lugha ya mumewe, kama alivyofundishwa alipoolewa: umeamkaje, mama.

Minza aliitikia, akaketi. Chai ikaletwa. Hakuigusa.

"Nimesikia unachekesha watu," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Mwanangu hana kaburi. Wewe unachekesha watu."

"Ndiyo, mayu."

Minza alingoja.  Mwanne hakuona aibu wala hasira. Alimwona mama mkwe wake amekonda shingo, akafikiri kwamba safari ya basi imemchosha.

"Leo ni siku yenyewe?" Minza akauliza.

"Ni leo alasiri."

"Nitakuja nione."

Minza hakuwahi kuingia sinema. Mahona alimkalisha karibu na mlango, fimbo kati ya magoti. Pazia lilipowaka alijikinga macho kwa mkono. Kijana wa Kichina akapiga magoti, akaomba kufundishwa, na ile sauti ikatoka kwenye spika, ya polepole, isiyo na haraka na mtu: kupigana baadaye.

Minza alisimama.

"Yuko wapi?" akasema kwa nguvu.

"Nani, mayu?" Mahona alijaribu kumvuta akae.

"Masele. Namsikia. Yuko wapi?"

"Ni shemeji anayesema. Yule pale chini. Kaa, mayu, watu wanatazama."

Hakukaa. Alitafuta mlango kwa kupapasa, akatoka, na kule barazani akaikuta sauti ile ile inamngojea kwenye spika. Akaegemea ukuta chini yake. Alibaki hapo mpaka picha ikaisha, watu wakapita mbele yake wakicheka, na Mwanne akatoka akimshika Paati mkono.

"Nani amekufundisha?" Minza akamuuliza.

"Kufundishwa nini, mayu?"

"Kusema vile. Mwanangu neno analitua kama mtu anayetua mzigo, halafu anakutazama uone kama utalibeba wewe. Alipokuwa mdogo ng'ombe alimpiga teke, akaangukia kwenye lambo. Tumekimbia, tumemtoa amejaa matope mpaka masikioni. Akasema, 'Ng'ombe huyu naona ana haraka.' Hivyo hivyo. Kama ulivyosema sasa hivi. Umemchukua mwanangu umemtia kwenye kinywa cha Mchina."

"Sikujua," Mwanne akasema, na ilikuwa kweli. "Mayu, mimi sikujua."

Paati aliyekuwa katikati yao hakuelewa neno, lakini alimwona mama mwenzake analia, akatoa kitambaa kiunoni, akampa. Minza alikipokea, akajifuta uso wote nacho, akamrudishia. "Asante, mama," akasema. Paati akajibu kitu kirefu kwa Kitamili.

Njiani kurudi Ng'ambo Mwanne alitembea nyuma ya Minza na Mahona. Alikumbuka lori lililowachukua mgambo kwenda vitani. Wanawake walikuwa wamesimama kando ya barabara wanalia, na Masele, akiwa juu ya lori kati ya wenzake, aliinama akamwambia, "Usipike mchana wa leo, nitachelewa." Lori zima lilicheka. Yeye pia alicheka. Alicheka mpaka lori likapotea kwenye vumbi. Hilo ndilo neno la mwisho alilosikia kwake, na hakuwa amelikumbuka hata mara moja miaka yote ile. Alisimama katikati ya njia. Kitu kifuani kilisogea kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapotaka kuamka. Alikingoja. Kikatulia.

"Unakuja?" Mahona akaita.

"Nakuja."

Minza hakuondoka. Alisema atangoja Jumamosi nyingine. Juma zima alikaa uani kwa Mwanne akichambua mchele ambao hakuagizwa kuuchambua, na hakumwomba mkwewe aseme chochote. Mwanne naye alifanya kazi zake kimya, maana sasa kila alipofungua mdomo, hata kumwita kuku, aliisikia sauti ile.

Jumamosi ilipofika Minza aliomba kukaa mbele. Abbasi akamwekea kiti safu ya kwanza. Picha ikaanza, na Mwanne akasema yaliyo yake. Sauti ilikuwa ile ile, watu walicheka pale pale. Aliendelea vizuri mpaka mahali kijana anapojifanya amekufa.

Mahali hapo kila mtu alipangojea. Kijana amechoka na masufuria, analala chali sakafuni, anabana pumzi. Mpishi anaingia, anamwona, anamzunguka, anamgusa kwa kidole cha mguu, kisha anachuchumaa. Paati akagusa goti. Maneno yalikuwa: "Umekufa? Sawa. Lakini masufuria umemwachia nani?" Mwanne alikuwa ameyasema Jumamosi nyingi bila taabu.

Paati akagusa tena.

Mwanne alitazama juu. Uso wa kijana wa Kichina ulikuwa mkubwa kama nyumba, macho yamefungwa. Hakulia. Sauti haikuwepo tu, kama unaposhusha ndoo kisimani ikagonga mchanga. Watu walianza kucheka, wakidhani kimya kile ni sehemu ya mchezo. Halafu kimya kikaendelea, wakaacha. Mpishi alikuwa anachezesha midomo peke yake. Kutoka mkekani Paati akayapaza maneno mwenyewe, kwa Kitamili, kwa nguvu zote za kifua chake kidogo, na wachache wakacheka, kwa wasiwasi.

Minza akainuka kwenye safu ya kwanza, akamnyoshea fimbo yule mpishi wa kwenye pazia.

"Mwacheni alale!" akasema, kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie. "Mwacheni mtoto alale. Amechoka."

Hakuna aliyecheka. Projekta ilikuwa inanguruma nyuma. Kwenye picha, mpishi aliinuka, akakuna tumbo, akaanza kukusanya masufuria.

Mwanne akasogeza kipaza sauti.

"Haya, lala," akasema. "Masufuria nitaosha mwenyewe."

Maneno hayo hayakuwemo katika Kitamili. Ukumbi ulipasuka kama siku ya kwanza, watu wakapiga viti, na Minza akakaa polepole, akaweka fimbo magotini. Mwanne aliimaliza picha yote mpaka adui alipotumbukizwa kwenye pipa la unga.

Mwezi uliofuata makopo yalitakiwa yarudishwe Dar es Salaam. Abbasi alijaribu kumpa Mwanne picha ya Kihindi, ya binti anayelia mvuani, na Mwanne, akiwa ameelezwa kwanza maneno ya binti, akayasema kwa sauti ile ile. Watu walikasirika wakadai waachiwe nyimbo. Kisha mkataba wa Mwalimu ukaisha. Stesheni, Paati alimshika Mwanne kichwa kwa mikono miwili, akamwambia mambo mengi ambayo Mwalimu, akiwa anahesabu mizigo, hakuyafasiri. Mwanne alimwambia asafiri salama, na kwamba vitambaa vyake vimefuliwa na viko juu kabisa kwenye kikapu. Treni ilipoondoka alirudi nyumbani kwa miguu, akakuta muda wa alasiri hana pa kwenda.

Akaenda Ziba, ambako Minza alikuwa amesharudi. Ndugu wa Masele walikuwa wamekubaliana kumfanyia matanga hata bila mwili, na walichinja ng'ombe, watu wakaja kutoka Choma na kutoka mbali zaidi. Wanawake walilia. Mwanne alikaa katikati yao siku zote, akilishwa, akifunikwa kanga na watu asiowajua, na hakulia. Safari hii hakuna aliyelizungumza. Matanga yalipoisha alibaki, maana ulikuwa wakati wa karanga.

Alasiri moja yeye na Minza walikuwa wamekaa kivulini mwa ghala wakimenya.

"Sema kidogo," Minza akasema, bila kuinua macho.

Mwanne alielewa. Akasema, "Ng'ombe huyu naona ana haraka."

Minza alisikiliza. "Siyo hiyo."

"Najua, mayu."

"Jaribu tena."

Akajaribu tena. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya Tabora mjini, imechoka kidogo.

"Yaya," Minza akasema, akikataa kwa kichwa. "Siyo." Akavunja karanga, akatupa ganda. "Hata mimi sasa sisikii vizuri ilivyokuwa. Asubuhi nilimtafuta, nikapata kikohozi chake tu."

Mwanne akaogopa. Ilikuwa hofu hasa, na mikono yake ikaacha kumenya. Alimtazama mama yule mzee kana kwamba amemwona sasa hivi anatoka ndani.

"Alikuwa hapendi mlenda," akasema haraka.

"Nani?"

"Masele. Mlenda alikuwa haugusi. Niliupika mara mbili, akausukuma."

"Uongo huo. Hapa alikula mlenda kila siku ya Mungu."

"Kwangu alikataa, mayu. Alisema tangu azaliwe hajaupenda."

Minza aliweka ungo chini. "Alisema hivyo? Mtoto huyu? Nimempikia mlenda miaka ishirini, anakula, anasema asante!"

"Basi alikuwa anakuogopa."

"Au alikuwa anakudanganya wewe. Huo mlenda wako uliutia nini?"

"Karanga."

"Karanga gani? Hizi? Au zile za dukani?"

Mwanne akaanza kueleza alivyoupika, na Minza akamkatiza kila hatua, na Mahona aliyekuwa anarudisha ng'ombe aliwasikia kutoka mbali wakibishana, akadhani kuna jambo, akaongeza mwendo.